Kubalansi ikwesheni za kemia: kwa macho, kwa aljebra, kwa namba za oksidesheni au kwa nusu-nusu?

Hili swali naulizwa karibu kila wiki na vijana wa tyusheni, "ticha hivi njia ipi ya kubalansi ndo sahihi?", na ukiwachimba unakuta mwalimu wa shule kawaonyesha ya kwake, kaka yake aliye kidato cha sita kamwonyesha nyingine, afu kuna video kaangalia mtandaoni jamaa anapiga aljebra ukurasa mzima kwa ajili ya maji tu. Mtoto anarudi nyumbani na njia tatu kichwani na hajui aanze na ipi.

Zote ni sahihi, tumalize hilo mapema. Zote zinatafuta kitu kilekile, kwamba atomu zilizoingia kushoto mwa mshale ndo hizohizo zitoke kulia, hakuna iliyopotea na hakuna iliyozaliwa njiani. Lavoisier, yule Mfaransa, alishalimaliza hilo kwa mizani na akaliandika kwenye kitabu chake cha 1789. Na zote zina sheria moja: unachezea namba kubwa za mbele tu, zile ndogo za chini huzigusi. Ukiona oksijeni imepungua kwenye H₂O ukaweka namba mbili ya chini ikawa H₂O₂, hujabalansi, umebadilisha maji yakawa ile dawa ya kusafishia vidonda na kupaushia nywele.

Sasa nazilinganisha kwa mambo matano: unatakiwa ujue nini kabla, inakwenda kasi gani, inaweza ikwesheni za aina gani, makosa huwa yanaingilia mlango upi, na inamfaa nani. Na ili nisipendelee, zote nazipa mtihani mmoja, shaba ndani ya asidi ya naitriki iliyozimuliwa:

Cu + HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + NO + H₂O

Kama hujawahi kuiona maabara, kipande cha shaba kinaanza kutoa mapovu, maji yanageuka bluu taratibu, na gesi inayotoka haina rangi ila ikikutana na hewa juu ya chombo inageuka kahawia. Usijaribu nyumbani, ile gesi ya kahawia ni sumu. Kwenye karatasi sasa, hii ikwesheni ina sura ya upole lakini imewaliza wengi.

1. Kwa macho

Hii ndo ya kwanza tunayofundishwa wote, unahesabu, unaweka namba, unahesabu tena.

Unachohitaji kabla: kuhesabu tu, na kujua fomula zako. Hata mtoto wa kidato cha pili anaiweza siku hiyohiyo anayofundishwa.

Kasi: kwa ikwesheni za kawaida hakuna inayoifikia. Chukua gesi ya kupikia, ndani ya mtungi kuna propeni na byuteni. Byuteni ikiungua:

C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kaboni 4 kushoto, kwa hiyo weka 4 mbele ya CO₂. Hidrojeni 10, weka 5 mbele ya maji. Oksijeni kulia sasa ni 8 jumlisha 5, 13, na kushoto zinakuja mbilimbili, maana yake 6 na nusu. Watu wengi hapa wanafuta kila kitu wakidhani wamekosea kisa nusu imetokea, kumbe hujakosea popote, zidisha ikwesheni yote kwa 2 umemaliza:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Mpangilio ndo siri yote ya njia hii. Anza na metali au kaboni iliyoungana na kingine, fuata vingine, hidrojeni karibu na mwisho, oksijeni ya mwisho kabisa kwa sababu iko kila mahali na ukiianza unaivuruga kila unapogusa kitu kingine. Na kitu chochote kilicho peke yake, kama O₂ au Fe, kiache mwisho, maana ukikibadilisha hakimwagi mwingine.

Kuna mbinu nyingine ndogo inaokoa muda sana, kubeba kifurushi kizima. Aluminiamu salfeti, ndugu yake shabu ile ya kutakasia maji, ukiichanganya na kalsiamu haidroksaidi:

Al₂(SO₄)₃ + Ca(OH)₂ → Al(OH)₃ + CaSO₄

Ukianza kuhesabu salfa peke yake na oksijeni peke yake utazunguka. Hesabu SO₄ kama kitu kimoja na OH kama kitu kimoja. SO₄ ziko 3 kushoto, weka 3 mbele ya CaSO₄, kalsiamu inakuwa 3, weka 3 mbele ya Ca(OH)₂, aluminiamu 2, weka 2 mbele ya Al(OH)₃. OH ni 6 na 6. Imeisha, hata kalamu haijapata moto.

Inaweza nini: kuungua, asidi na besi, kubadilishana chumvi, metali na oksijeni. Yani sehemu kubwa ya ikwesheni za O-level. Inakoishia ndo kwenye shaba yetu. Jaribu: Cu ni moja na moja, sawa. Naitrojeni kulia ni 2 za kwenye naitreti na 1 ya NO, jumla 3, kwa hiyo 3HNO₃. Hidrojeni 3, maji yanakuwa 1 na nusu. Hesabu oksijeni: kushoto 9, kulia 6 + 1 + 1.5 = 8.5. Haikai. Unarudi, unaweka 2 hapa, 4 pale, karatasi ya rafu inajaa. Na ile mbinu ya kifurushi haikusaidii maana NO₃ zingine zimevunjika zikawa NO na zingine zimebaki nzima. Unaweza kuipata kwa kukomaa, nimeona wanaoipata, ila hata wao ukiwauliza wamefikaje hawawezi kukuambia.

Makosa: kusahau mabano. Ca(OH)₂ mtu anahesabu oksijeni moja. Kosa la pili ni kutorudi kuhesabu baada ya kuweka namba ya mwisho.

Inamfaa: kila anayeanza, na kila mwenye swali la maksi 2 na dakika mbili.

2. Kwa aljebra

Kila kitu unakipa herufi, kila elementi unaitungia sentensi yake ya hesabu.

Unachohitaji: aljebra ya kidato cha kwanza na cha pili. Kemia karibu haitakiwi kabisa, na hapo ndo utamu na ndo ubaya wake, nitarudi.

Tuipe shaba yetu. a kwa Cu, b kwa HNO₃, c kwa Cu(NO₃)₂, d kwa NO, e kwa maji:

Cu: a = c
H: b = 2e
N: b = 2c + d
O: 3b = 6c + d + e

Zidisha ile ya naitrojeni kwa 3 upate 3b = 6c + 3d, linganisha na ya oksijeni, unabaki na e = 2d. Mpe d thamani ya 1, e inakuwa 2, b inakuwa 4, c inakuwa 1.5. Nusu tena, zidisha zote kwa 2:

3Cu + 8HNO₃ → 3Cu(NO₃)₂ + 2NO + 4H₂O

Hapo hakuna kubahatisha hata mara moja, na hicho ndo naipendea. Mwanafunzi anayesema "mi kemia hainiingii" lakini hesabu anapata A, nikimwonyesha hii uso unabadilika.

Kasi: polepole kwenye ndogo, kupiga aljebra kwa H₂ + O₂ ni kuita lori lije kubeba ndoo ya maji. Ila kwenye ikwesheni ndefu za kutisha inakwenda mwendo uleule, haiogopi.

Inaweza nini: karibu zote, ziwe na elektroni zinazohama au hazina. Ila kuna shimo moja, na mimi niliwahi kutumbukia nikiwa kidato cha tano. Tulipewa pamanganeti na haidrojeni peroksaidi ndani ya asidi ya salfyuriki, ile zambarau ikapotea mbele ya macho yetu na mapovu yakatoka, tukaambiwa tubalansi. Mimi nikapiga aljebra yangu nikaandika:

2KMnO₄ + 3H₂SO₄ + H₂O₂ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 4H₂O + 3O₂

Hesabu mwenyewe, potasiamu 2 na 2, hidrojeni 8 na 8, oksijeni 22 na 22. Imekaa! Mwalimu akanipiga mkasi. Nikaenda na daftari mpaka mezani kwake kugombana, akanisikiliza akaniuliza swali moja tu: hiyo oksijeni inatoka kwenye peroksaidi, sasa molekuli 1 ya peroksaidi imezaaje molekuli 3 za oksijeni? Nikarudi kukaa. Jibu ni hili:

2KMnO₄ + 3H₂SO₄ + 5H₂O₂ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 8H₂O + 5O₂

Kilichotokea ni kwamba ikwesheni ile ina vitu 7 na elementi 5 tu, kwa hiyo herufi zimezidi sentensi kwa mbili badala ya moja kama kawaida, na hapo majibu hayana mwisho. Atomu zote zinakubali, elektroni zinakataa, na aljebra ya atomu haizioni elektroni.

Makosa: kukosea kuhamisha alama, na uvivu wa kuandika sentensi za elementi zote.

Inamfaa: mpenda hesabu, na yeyote aliyekwama kwa macho zaidi ya mara tatu.

3. Kwa namba za oksidesheni

Hapa unaanza kuangalia nani katoa elektroni na nani kapokea, unasawazisha hao wawili kwanza, wengine wanafuata.

Unachohitaji: kujua kupanga namba za oksidesheni, yani chaji ambayo kila atomu inahesabiwa kuwa nayo, bila kusita. Oksijeni −2 isipokuwa kwenye peroksaidi ambako ni −1, hidrojeni +1 ikiwa na zisizo metali, kitu kilicho peke yake 0. Kama hapo bado unababaika, njia hii itakutesa bure, rudi kwanza ukapige msuli.

Shaba yetu: Cu inatoka 0 kwenda +2, katoa 2. Naitrojeni inatoka +5 kwenda +2, kapokea 3. KDS ya 2 na 3 ni 6, ileile KDS ya darasa la tano, kwa hiyo shaba 3 na NO 2. Andika 3 mbele ya Cu zote mbili na 2 mbele ya NO.

Sasa simama hapa, maana hapa ndo wanapoanguka. Mtu anaona naitrojeni zilizopokea ni 2 anaweka 2HNO₃ kushoto, afu anashangaa hesabu inagoma. Zile 2 ni zilizobadilika tu. Kuna naitreti zingine 6 zimekaa ndani ya 3Cu(NO₃)₂ hazijaguswa, zimekuja kusindikiza harusi. Jumla 8HNO₃. Hidrojeni 8, maji 4. Oksijeni 24 kushoto, 18 + 2 + 4 kulia, 24.

Kasi: ukiizoea, dakika moja. Kwa ikwesheni za redoksi, yani zile zenye elektroni zinazohama, zilizoandikwa kwa fomula nzima kama hii sijaona ya haraka zaidi.

Inaweza nini: redoksi tu. Asidi na besi hakuna namba inayobadilika kwa hiyo hakuna pa kushika. Na kwenye mambo ya kaboni inaleta vituko, propeni C₃H₈ ukikokotoa wastani kila kaboni inapata −8/3, nani anataka kufanya mtihani na hiyo?

Kuna kesi elementi moja inatoa na kupokea yenyewe, klorini kwenye sodiamu haidroksaidi ya moto kwa mfano. Inatoka 0, nyingine inashuka −1 kuwa NaCl, nyingine inapanda +5 kuwa NaClO₃. Anzia kulia: 5NaCl kwa 1NaClO₃, ndo inakuja 3Cl₂ + 6NaOH → 5NaCl + NaClO₃ + 3H₂O.

Makosa: nimeshasema, wasindikizaji. Na peroksaidi kupewa −2.

Inamfaa: aliyeielewa redoksi na anataka kuona ikwesheni inasema nini, sio kujaza namba tu.

4. Kwa nusu-nusu

Unaigawa ikwesheni vipande viwili, cha anayetoa elektroni na cha anayepokea, kila kimoja unakibalansi peke yake, afu unavirudisha pamoja.

Unachohitaji: ayoni na chaji. Kama umeshasoma elektrolisisi ukaandika za kathodi na anodi, umeshaanza bila kujua.

Hatua huwa ni hizi, na mpangilio usiuvunje: atomu kuu kwanza, oksijeni unaiongezea H₂O upande iliopungua, hidrojeni unaiongezea H⁺, mwisho chaji unaiongezea elektroni. Shaba:

Cu → Cu²⁺ + 2e⁻
NO₃⁻ + 4H⁺ + 3e⁻ → NO + 2H₂O

Ya juu mara 3, ya chini mara 2, elektroni 6 zinakufa pande zote:

3Cu + 2NO₃⁻ + 8H⁺ → 3Cu²⁺ + 2NO + 4H₂O

Chaji kushoto −2 na +8, ni +6. Kulia +6. Hii ndo zawadi yake, unapata ukaguzi wa pili. Jibu langu la kidato cha tano lingekamatwa hapahapa, maana manganizi 2 zinataka elektroni 10 na kila peroksaidi inatoa 2 tu, bila peroksaidi 5 haziendi.

Kasi: mwanzoni ni ndefu, inachosha, watu wanaichukia. Wiki ya pili inakuwa kama kufunga kamba za viatu. Na hapa huhitaji hata kujua namba za oksidesheni, chaji zenyewe zinakuonyesha elektroni ngapi.

Inaweza nini: redoksi za kwenye maji, hasa pamanganeti na daikromati. Kwenye mazingira ya besi unafanya kila kitu kama ni asidi, mwisho unaongeza OH⁻ pande zote mbili idadi sawa na H⁺ zilizopo, zinaungana kuwa maji. Byuteni ya mtungini huiletei huku.

Makosa: kuweka elektroni upande mbaya. Andika jumla ya chaji chini ya kila upande kwa penseli kabla ya kuweka elektroni. MnO₄⁻ + 8H⁺ ni +7, Mn²⁺ + 4H₂O ni +2, kwa hiyo elektroni 5 zinakaa kushoto ili ishuke. Kingine, Cr₂O₇²⁻ ina kromiamu mbili, kulia lazima 2Cr³⁺, mtu akisahau hilo hatua zote za chini zinaoza.

Inamfaa: kidato cha tano na sita, na yeyote mwenye titresheni mbele yake.

Sasa wewe uko wapi?

Uko kidato cha pili au cha tatu na ndo mnaanza: kaa na macho, usikimbilie kingine. Piga ishirini kwa siku tatu, kwa mpangilio ule niliosema, na kila moja hesabu tena mwishoni. Mtihani utauandika kwa Kiingereza ila kuhesabu atomu kichwani unaruhusiwa kwa lugha uliyonyonya.

Unarudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi na muda ni wa jioni baada ya kazi: macho kwa zote, aljebra kama akiba ya ile moja itakayokugomea. Hizo mbili zinakutosha, usijibebeshe nne.

Hesabu unaziweza na kemia inakupiga chenga: anza na aljebra upate imani, ila usiishie hapo, maana swali litakalofuata litakuuliza nani kaoksidaizi (katoa elektroni) na nani karidyusi (kapokea) na herufi a mpaka e hazitajibu.

Uko A-level au chuo unasoma famasia, maabara, udaktari: nusu-nusu ndo chakula cha kila siku, na namba za oksidesheni uwe nazo pembeni kwa ikwesheni zilizokuja na fomula nzima. Wengi wananiuliza wachague ipi kati ya hizo mbili, mimi naangalia swali limeandikwaje: likija na ayoni zenye chaji, nusu-nusu, likija na KMnO₄ na H₂SO₄ zima, namba.

Wewe ni mwalimu na darasa lina watoto 80: kwa macho ubaoni, ila ile nusu ya O₂ ionyeshe mapema kabisa siku ya kwanza, usiwafiche kwa mifano inayokaa vizuri tu. Ikija kuwakuta peke yao ndo wanafuta kazi iliyokuwa sahihi.

Na kama unategemea kikokotoo cha mtandaoni, sikukatazi, kihakikishie jibu baada ya kujaribu mwenyewe. Vingi vinapiga aljebra ileile ya njia ya pili, kwa hiyo kwenye pamanganeti na peroksaidi hesabu elektroni kwa mkono wako kabla hujaandika kwenye daftari.